Redio Isiyo na Betri: Tamthilia ya Kikorea Tuliyoitazama Longech



Wasomaji wetu watukufu, kwa muda mrefu sasa wazazi wametuuliza swali moja kwa namna nyingi: hizi tamthilia za Kikorea ambazo watoto wetu wanakesha nazo, zina nini ndani yake? Mmoja alituuliza kwa hasira, mwengine kwa hofu, na mama mmoja wa Majengo alituuliza kwa haya kwa sababu, alikiri mwenyewe, yeye ndiye anayekesha. Jibu letu siku zote lilikuwa fupi: hatujui, kwa kuwa hatujatazama, na mtu hahukumu asichokijua. Sasa tumetazama moja tangu mwanzo hadi mwisho, nayo tumeitazama mahali ambapo hatukutarajia kutazama chochote ila maji na mchanga. Leo tunatoa hukumu yetu. Pamoja nayo tunaeleza jambo letu wenyewe, ambalo tamthilia hiyo ilitulazimisha kuligeukia baada ya kulipa mgongo miaka mingi.

Safari ya Longech

Mwezi wa Rajabu tulialikwa na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pate, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua samaki wakavu wa Ziwa Turkana na kuwapeleka Kitale. Alitaka tukawasomeshe watoto wa Waislamu wachache walioko huko, na tumuozeshe binti wa jirani yake. Safari ni ndefu: Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kitale, kisha kuteremka hadi Lodwar ambako jua halina mzaha. Lodwar tulisali pamoja na Waturkana, Wasomali, na vijana waliotoka kambi ya Kakuma kutafuta riziki. Kutoka hapo hadi Kalokol ni kilomita 60 hivi za mchanga, mawe na miti ya mathenge. Mbele ya Kalokol kuna maji ya Ghuba ya Ferguson, na ng'ambo ya ghuba hiyo ndipo Longech ilipo.

Msomaji wa Lamu au wa Vanga akifika Longech hatajiona mgeni sana. Ni ulimi wa mchanga ulioingia majini, ghuba upande mmoja na ziwa upande wa pili. Nyumba ni za majani ya mikoche, samaki wamepasuliwa wakaanikwa, nyavu zimetandazwa, mashua zimelazwa ufuoni, na harufu ni ile ile iliyotulea. Tofauti ni kwamba maji yana ladha ya magadi, mamba wamo, na salamu ni "Ejok".

Wazee wa pale wanalijua ziwa lao kama sisi tunavyojua kusi na kaskazi. Wanakumbuka katikati ya miaka ya 1980 ghuba ilipokauka na samaki wakatoweka, na kile kiwanda cha samaki cha Kalokol kilichojengwa kwa msaada wa Norway kikabaki jengo tu. Miaka hii ya karibuni maji yamerudi na kupanda, yakameza makazi ya watu na miti. Mzee mmoja alinyoosha kidole kuelekea katikati ya maji akatwambia, "Pale ndipo nilipozaliwa."

Nyumbani kwa mwenyeji wetu mna paneli ya sola, betri kuukuu ya gari, na televisheni ndogo. Usiku wa kwanza, baada ya Isha na chakula, binti yake wa kidato cha tatu alileta flashi yenye tamthilia ya Kikorea. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakaketi kwenye mikeka. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Binti aliyasoma kwa sauti kwa Kiswahili, na mtoto wa jirani akamgeuzia bibi yake kwa Kiturkana. Mwenyeji wetu aliona tunajiandaa kwenda kulala, akasema, "Sheikhe, keti kidogo. Ikiwa ni mbovu, utatukataza ukiwa unajua unachokataza." Tukaketi. Tuliketi usiku sita.

Kisa chenyewe

Tamthilia yenyewe yaitwa Signal. Ilirushwa na kituo cha tvN cha Korea Kusini kuanzia Januari hadi Machi 2016, nayo ina sehemu 16. Mtunzi wake ni Bi. Kim Eun-hee, na mwongozaji ni Kim Won-seok. Katika tuzo za Baeksang za mwaka huo huo ilishinda kwa tamthilia bora, mtunzi wake akapewa tuzo ya uandishi, na Kim Hye-soo akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Wajapani waliitengeneza upya kwa lugha yao mwaka 2018.

Kisa kinaanza siku ya mvua mwaka 2000. Mtoto mdogo, Park Hae-young, amesimama shuleni akingoja mvua ipungue. Anamwona msichana wa darasa lake akiondoka na mwanamke mwenye mwavuli. Msichana yule harudi tena. Polisi wanamsaka mwanamume mmoja wanayemshuku. Mtoto anakwenda kituoni kusema kwamba aliyemwona alikuwa mwanamke, lakini hakuna mkubwa mwenye nafasi ya kumsikiliza mtoto.

Miaka 15 inapita. Hae-young, anayeigizwa na Lee Je-hoon, amekuwa afisa wa polisi mwenye kazi ya kuchambua tabia za wahalifu, na hawaamini polisi wenziwe hata kidogo. Usiku mmoja, saa tano na dakika 23, anasikia sauti ikitoka katika redio ya upepo, zile ambazo askari huzishika mkononi, iliyotupwa pamoja na takataka za kituo. Anayesema ni mpelelezi Lee Jae-han, anayeigizwa na Cho Jin-woong. Jae-han anazungumza kutoka mwaka 2000, naye tangu mwaka huo hajaonekana. Redio ile haina betri. Wa tatu wao ni Cha Soo-hyun, anayeigizwa na Kim Hye-soo, mwanamke aliyefunzwa kazi na Jae-han. Kila akisikia mifupa ya mtu imeokotwa mahali, huenda kuitazama, akihofia na kutumai kwamba ndiye.

Kwa redio hiyo mtu wa leo na mtu wa jana wanasaidiana kufungua kesi zilizofungwa bila ya jawabu. Mtunzi angaliweza kuishia hapo akatupa burudani ya kawaida ya polisi hodari na wahalifu werevu. Hakufanya hivyo. Kila neno linalovuka redio lina bei yake. Mtu mmoja anaokolewa, mwengine anakufa mahali pake. Tena hao mashujaa wenyewe hukosea.

Kosa lao moja ndilo lililotunyamazisha. Hae-young anamtumia Jae-han maelezo juu ya mwizi wa majumba ya matajiri. Jae-han, kwa kuyategemea maelezo hayo na alama za vidole, anamkamata mtu ambaye zamani alikuwa mwizi na sasa ameacha, analea binti yake kwa jasho. Mtu huyo hakuiba safari hii. Siku ile ile ya kukamatwa kwake daraja linaporomoka, na binti yake yumo ndani ya basi lililoanguka. Baba anakaa jela miaka mingi kwa kosa lisilokuwa lake, na anatoka na kisasi moyoni. Waliomdhulumu walikuwa watu wema waliokuwa na haraka.

Uzi mwengine unapita chini ya visa vyote. Hae-young alikuwa na kaka mkubwa, kijana mpole aliyesingiziwa kosa baya la wana wa wenye nguvu, kwa kuwa nyumba yao haikuwa na mtu wa kuwatetea. Hatutasema zaidi, tusiwaharibie watakaotazama. Itoshe kusema kwamba mtoto aliyepuuzwa kituoni siku ya mvua alikuwa na mzigo mwengine nyumbani, na mizigo hiyo miwili ndiyo iliyomfanya awe mtu aliyekuwa.

Kisa cha kweli nyuma ya kisa

Mtunzi hakuyatoa haya hewani. Kesi moja kubwa ndani ya tamthilia imechukuliwa kutokana na mauaji ya Hwaseong, kusini ya Seoul, ambako wanawake na wasichana 10 waliuawa kati ya 1986 na 1991. Watu zaidi ya 20,000 walichunguzwa, na muuaji hakujulikana.

Wakati huo sheria ya Korea Kusini iliweka ukomo wa miaka 15 wa kushtaki mauaji. Muda ukipita, muuaji akijitokeza sokoni hakuna wa kumgusa. Mwaka 2007 ukomo ulisogezwa hadi miaka 25, na mwaka 2015 ukafutwa kwa kesi za mauaji. Tamthilia ilitoka miezi michache baadaye, na uchungu huo umejaa ndani yake: jamaa za waliouawa wakihesabu siku, na muuaji naye akizihesabu.

Kisha ukweli ukaipita tamthilia. Mwaka 2019, miaka mitatu baada ya Signal kurushwa, vipimo vya vinasaba vilimwonyesha Lee Choon-jae, mtu ambaye tayari alikuwa gerezani maisha kwa kumuua shemeji yake. Alikiri. Hakuweza kushtakiwa kwa mauaji ya Hwaseong, kwa sababu ukomo wa kesi ya mwisho ulikwisha 2006.

Lakini lililotutia uzito zaidi ni habari ya mtu mwengine. Mwaka 1989 polisi walimkamata kijana mmoja, Yoon Sung-yeo, mwenye ulemavu wa mguu, kwa mojawapo ya mauaji hayo. Alinyimwa usingizi mpaka akakiri. Alikaa gerezani karibu miaka 20. Mwezi wa Disemba 2020 mahakama ikatangaza kwamba hakuwa na hatia. Ujana wake ulikuwa umekwisha.

Nyavu za jirani

Sasa turudi Longech. Siku ya tatu ya kukaa kwetu, jirani wa mwenyeji wetu aliamka akakuta nyavu zake tatu hazipo pale alipozitega. Kwa mvuvi wa pale, nyavu tatu ni ada ya shule, unga, na deni la dukani kwa pamoja. Kufikia adhuhuri jina lilikuwa limekwisha kutajwa. Alikuwa kijana aliyetoka Kakuma, anayefanya kibarua cha kupasua samaki na kulala kwenye banda la nyavu. Hakuna aliyemwona. Ila hana ndugu pale, na hakuna aliyejua alitoka kwa nani.

Baada ya Alasiri wazee watatu, wawili wao Waislamu, walitujia. Walisema kwa adabu, "Sheikhe, wewe ni mtu wa pwani. Tusomee Halbadiri. Mwenye kuiba ataonekana."

Wasomaji wetu wanaijua Halbadiri na wanajua jinsi watu wanavyoiogopa. Wanavyuoni wana maneno yao juu ya kisomo hicho, na leo hatuingii humo. Tuliwaomba watungoje hadi asubuhi. Usiku ule, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, sehemu iliyotufikia ilikuwa ile ya baba na daraja. Binti alipokuwa akisoma tafsiri sauti yake ilikatika. Yule bibi wa Kiturkana aliuliza, na mjukuu wake akatugeuzia: "Bibi anasema, huyo aliyemkamata, nani alimwona akiiba?" Hakuna aliyejibu. Kijana wa Kakuma alikuwa ameketi nje ya mlango, akitazama kupitia upenyo wa makuti. Kisha betri ikaisha nguvu na chumba chote kikawa giza.

Hatukulala. Sababu ya kutolala ndiyo tuliyoahidi kuieleza.

Yaliyotupata sisi

Zaidi ya miaka 20 iliyopita, katika madrasa tuliyokuwa tukisomesha, bahasha ya pesa za Maulidi ilipotea. Tulikuwa vijana, wenye elimu kidogo na haiba nyingi. Tuliwakusanya wanafunzi tukatangaza kwamba siku ya pili tutasoma Halbadiri. Tulipokuwa tukisema tuliwatazama nyuso zao. Mtoto mmoja, mwenye umri wa miaka 12, mwana wa hamali, alitetemeka. Tulichukua kutetemeka kwake kuwa ndio ushahidi. Tukamwita, tukamhoji, akalia, na kulia kwake tukakuhesabu kuwa ni kukiri. Tukamfukuza mbele ya wenziwe, tukatuma ujumbe kwa baba yake.

Miezi minane baadaye tulisogeza kabati la misahafu ili ukuta upakwe rangi. Bahasha ilikuwa nyuma yake, haijafunguliwa.

Tulikwenda kwao siku hiyo hiyo. Jamaa ile ilikuwa imehama. Tuliuliza, kisha tukauliza mara chache zaidi, kisha, na hili ndilo la aibu, tukaacha kuuliza. Miaka mingi ikapita mpaka tukakutana naye katika soko la Kongowea, mtu mzima, akiuza vitunguu. Yeye ndiye aliyetutambua. Tulimweleza yote pale pale, mbele ya magunia yake, tukamwomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho akasema, "Yamepita, mwalimu." Kisha akatwambia kwamba baba yake alimpiga sana siku ile, na kwamba amekwisha kufariki. Alifariki akijua kuwa mwanawe ni mwizi.

Kijana alitusamehe. Baba yake hatuna pa kumpata. Basi mtu wa hali hii akitazama tamthilia ambayo ndani yake mna redio ya kusema na watu wa jana, mwaweza kufahamu kwa nini hakulala. Tulikuwa na maneno mawili tu ya kupitisha kwenye redio ile: sogeza kabati.

Mizani ya dini

Asubuhi, kabla ya kuwajibu wazee, tulijiuliza dini yetu inasema nini, si juu ya tamthilia, bali juu ya nyavu. Tukakuta kwamba Qur'ani imetutangulia katika visa vya namna hii.

Sura Yusuf ina kanzu mbili zenye kutoa ushahidi. Ya kwanza inaletwa kwa Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, ikiwa na damu ya uongo. Yeye hakudanganyika kwa damu hiyo, na hata hivyo hakuhukumu kwa hasira, bali alisubiri. Ya pili ni ile iliyochanika kwa nyuma. Shahidi hakuuliza nani mkubwa na nani mtumwa, aliuliza kanzu imechanika wapi. Mtumwa akatakasika na bibi mwenye nyumba akaonekana mkosa.

Katika Sura An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, wafasiri wanatwambia kisa cha mtu wa Madina aliyeiba deraya, kisha yeye na jamaa zake wakalitupa kosa juu ya Myahudi. Jamaa walikuwa wengi na ndimi zao zilikuwa fasaha. Aya zikateremka kumtakasa asiyekuwa na kosa, naye si Mwislamu, na kuwakemea wanaowatetea wahaini kwa kuwa ni watu wao. Hebu tulifikirie hilo sisi ambao tukipotelewa na kitu, kwanza twamtazama mgeni. Na mafaqihi wametuwekea misingi inayojulikana na kila mwanafunzi: mwenye kudai alete ushahidi, mwenye kukanusha aape, na shaka huizuia adhabu.

Ama ile redio, tuseme wazi kwa ajili ya watoto: ni hadithi ya kubuni. Yaliyopita hayazungumzishwi, na ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kuzama katika "lau ningefanya hivi", kwani neno hilo hufungua mlango wa shetani. Tulilijua hilo kwa kulisomesha. Usiku ule ndipo tulipolielewa. Mwenye kuzama katika "lau" hutaka kubadilisha jana, akaiacha leo ipite bila ya kuishughulikia. Mlango uliobaki wazi ni toba, na toba katika haki za watu haitimii mpaka haki irudi kwa mwenyewe, au awie radhi. Sheria za nchi zaweza kuweka ukomo wa miaka 15 au 25. Deni la mja kwa mja halizeeki. Litangoja Siku ambayo mtu atalipa kwa mema yake.

Asubuhi ya Longech

Wazee walirudi baada ya Alfajiri. Tuliwauliza maswali matatu. Nani amemwona? Kimekutwa nini mkononi mwake? Na usiku ule upepo ulikuwaje? Kwa mawili ya kwanza hawakuwa na jibu. Kwa la tatu yule bibi ndiye aliyejibu: upepo ulikuwa mkali, na "ziwa nalo lina mikono." Tukawaambia hatutasoma. Tulisema pia sababu, kisa chote cha bahasha, mbele ya wazee na mbele ya kijana.

Mwenye nyavu alikasirika, na hakukosea kukasirika. Alisema, "Sheikhe, wewe utarudi Mombasa. Mimi nitabaki hapa na watoto." Hilo halina jawabu la maneno. Basi mwenyeji wetu akamkopesha wavu mmoja, mvuvi mwengine akampa nafasi katika mashua yake kwa mgao, nasi tukatoa tulichokuwa nacho. Haikufika bei ya nyavu tatu.

Hatuwezi kuwaambia kwamba nyavu zilionekana. Siku tulipoondoka zilikuwa hazijaonekana. Kijana wa Kakuma alikuwa ufuoni na kisu chake, akipasua samaki, na wengine bado walipita mbali naye. Signal nayo inamalizika hivyo, njia ikiwa wazi mbele na maswali hayajakwisha. Watu wengi wamelalamika juu ya mwisho huo. Sisi, kwa tuliyoyaona Longech, tumeukubali.

Hukumu yetu

Kwa ufundi, tamthilia hii ni bora. Kim Hye-soo anaigiza mtu mmoja katika umri wa aina mbili, askari mgeni mwenye woga na mkuu wa kikosi aliyekauka kwa kungoja, nawe huamini wote wawili. Cho Jin-woong anamfanya Jae-han kuwa mtu mzito wa mwili, mwepisi wa machozi, asiyeacha kesi. Zama za jana na za leo zimetofautishwa katika sura ya picha, hata bibi asiyesoma maandishi alijua yuko wapi. Mapenzi yaliyomo yana haya, hayazidi macho na kimya.

Kasoro zake ni hizi. Mkubwa wa polisi aliye mwovu amechorwa kwa rangi moja tu, wala hatuoni alivyofika hapo. Bahati nasibu ni nyingi mno kuelekea mwisho. Mauaji ya wanawake yanaonyeshwa kwa namna ya kutisha, na kuna kisa cha msichana wa shule kudhulumiwa ambacho ni kizito hata kwa mtu mzima. Ulevi umo pia, kama kawaida ya tamthilia za huko.

Kwa hivyo twasema: watoto wa shule ya msingi wasiitazame. Vijana wa sekondari waitazame pamoja na mzazi, na mzazi asikae na simu yake. Isitazamwe wakati wa Sala, wala isiliwe Alfajiri kwa ajili yake. Sisi tulikomea sehemu mbili au tatu kwa usiku na hatukupungukiwa. Na baada ya kila kesi, waulizeni: nani alishukiwa kwanza, na kwa nini yeye? Mtagundua, kama tulivyogundua mkekani Longech, kwamba aghalabu aliyeshukiwa kwanza ni yule asiyekuwa na wa kumtetea.

Tangu turudi Mombasa tumefanya jambo moja tulilopaswa kulifanya zamani. Tumekwenda katika madrasa ile, ambako baadhi ya waliokuwa wanafunzi siku zile sasa ndio walimu, tukasimama pale pale tulipomfukuza mtoto yule, tukasema kwa sauti kwamba hakuiba, na kwamba mkosa alikuwa mwalimu. Baba yake hakuwepo kulisikia. Tumemwombea dua, na tunamwomba kila msomaji wetu aseme Amin.

Mwenyezi Mungu atuepushe na haraka katika kuhukumu na uvivu katika kuomba radhi. Wabillahi tawfiq.